Ba patroni wa chicha (shisha) hapa Goma, yenye inaangusha watu si mazuku, ni makala (makaa) yenu

Niko na hasira na nitaandika ndefu, mwenye hataki kusoma apite.

Juzi tulienda kufanya feti ya binamu yangu ku lounge moja huku Himbi. Jina ninalificha kwa sasa, wenyewe wanajijua. Chumba cha etaji ya pili, madirisha ya viyoo yote imefungwa sababu eti mvua, rido (pazia) nzito nyekundu mupaka chini, karibu kila meza iko na chicha, na ku kona, NDANI, si inje, si ku baraza, ndani ya chumba chenye watu, kuko mbabula (jiko la makala) imejaa makala yenye kuwaka na kijana mumoja anaipepea na kipande cha karto. Umeme ulikuwa umeenda, kwa hiyo jenereta inalia chini ya dirisha la nyuma na moshi yake inapanda tu ku ukuta.

Binamu anavuta, anacheka, anapiga ba selfi, kiisha ananyamaza. Anasema kichwa kinamupiga. Anasimama aende choo, miguu inakataa, anaanguka palepale kati ya meza na kiti, jasho uso mzima, anatapika juu ya viatu vya watu. Tunamubeba wanne kushuka naye ngazi. Na patroni, badala ya kufungua hata dirisha moja, anasimama ku mulango na fakitire (bili) mukononi anasema: "Dada, huyo hajazoea tu, alivuta na tumbo tupu." Nilipopandisha sauti akabadilisha wimbo, eti "unajua hapa kwetu kuko mazuku."

Mazuku! Mutu wa Goma unamudanganya na mazuku kama mutalii wa kushuka avion jana? Mazuku tunaijuaka toka utoto. Ni gazi karboniki (kaboni dayoksaidi) inatoka ku udongo wa volkano, ni nzito kuliko hewa, inalala chini ku mashimo, ndiyo maana kule upande wa Lac Vert unakuta mbuzi na mbwa wamekufa asubuhi na wazazi wanakataza watoto kushuka mule. Sasa hiyo mazuku yako ilipanda ngazi, ikapita wateja wote wa chini bila kuwagusa, ikaja etaji ya pili kutafuta meza yetu?

Chenye kilikuwa mule ni monoksidi ya kaboni. Inatoka ku makala YOYOTE yenye kuwaka, ikuwe ya kuni ya soko ao zile za vifuu vya nazi zenye kuuzwa kwa karto, na inatoka pia ku moshi wa jenereta. Haina harufu, haina rangi, haikukohozeshi hata kidogo. Inaingia ku damu inakamata nafasi ya oksijeni, na inaikamata kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni yenyewe, basi wewe unapumua, kifua kinapanda kinashuka, na ubongo unakosa hewa. Kichwa kuuma, kizunguzungu, roho kuchafuka, kutapika, miguu kulegea, kuzimia. Soma tena hapo juu vile binamu alianguka, ni vilevile. Na chicha inakuletea ile gazi mara mbili, unaivuta ku tuyo (mupira wa kuvutia) sababu makala imekaa juu ya kichwa cha chicha, halafu unaipumua tena ile ya chumba. Musiniletee mambo ya maji. Maji inapoza moshi tu, monoksidi inapita bila shida, na ule ubaridi ndiyo unafanya mutu asisikie ukali avute ndefu ndefu saa nzima. OMS (Shirika la Afya Duniani) ilishaandika tangu 2005 kama kikao kimoja cha chicha kinaweza kukuvutisha moshi sawa na wa mutu mwenye amevuta sigara 100 ao zaidi.

Najua kuko wenye watasema ni nikotini. Sibishi. Tumbaku ya chicha iko na nikotini na mutu hajazoea, hajakula, amekunywa mbili tatu, nikotini peke yake inaweza kumutoa jasho, moyo ukaenda mbio, akatapika. Lakini basi munielezee mudogo wangu. Huyo chicha haigusi, hata harufu yake haipendi, alikaa na Fanta yake karibu na ile mbabula na akatoka kichwa kinamuuma mupaka anashika ukuta. Tulipofika inje upepo wa ziwa ukampiga, pole pole kikaacha. Nikotini ya nani ilimuingia? Watu wakigonjwa pamoja ku chumba kimoja, wenye kuvuta na wenye hawavuti, na wakitoka inje wanaanza kupona, hapo ni hewa ya chumba, tumbo tupu halihusiki.

Na yule kijana wa makala sasa. Nilirudi kuchukua sakoshi ya binamu nikamuuliza wewe unajisikiaje. Anasema kila usiku wa kazi kichwa kinamuuma, anameza parasetamo, akifika kwao Ndosho akilala kinapita, kesho tena. Macho mekundu kabisa. Tena ndiye anaanzisha kila chicha na mudomo wake mbele ailete ku meza, anavuta anavuta mupaka moshi itoke vizuri, halafu anavalisha kale kaplastiki ka mudomoni anakuletea. Patroni wake anasema eti ni mulevi. Binamu yangu alikuwa mule saa chache, huyo mutoto wa watu yuko mule kila jioni, na ndiye ananiumiza roho zaidi.

Ku kituo cha afya nako ilikuwa musiba. Infirmiye (muuguzi) akaweka kile kimashini cha kupima oksijeni ku kidole, kikaandika 98 kwa mia, akasema "hewa iko muzuri, tumupe serum na dawa ya kutapika." Wandugu mujue hii: kile kimashini cha kidole hakitofautishi damu yenye kubeba oksijeni na damu yenye kubeba monoksidi. Vyote kinahesabu pamoja, kinakuandikia 98 na mutu anaishiwa. Inatakiwa kipimo cha damu cha kipekee, na kama hakiko, wanampa oksijeni safi ku maski bila kungoja. Ukimuacha na hewa ya kawaida, damu inachukua karibu saa 4 ao 5 kupunguza nusu ya ile gazi, na oksijeni safi ni saa moja na kitu. Tulibishana mupaka daktari wa zamu akaamka, akauliza swali moja tu, "mulikuwa na makala ndani?", na chupa ya oksijeni ikaja. Merci docteri kama unapitaka hapa. Kwa hiyo ukimupeleka mutu wako, usiseme tu "alizimia", sema MAKALA, sema chumba kilikuwa kimefungwa, sema wangapi waligonjwa.

Naongeza sababu naona majibu imeanza. Mwenye ananiambia "tumia ile ya majani bila tumbaku": nikotini itatoka, sawa, makala iko palepale. Mwenye anasema zile makala za kuwaka haraka ni safi: zimetiwa dawa ya kuwashia, na baserveri wanaziweka mbele hazijashika moto zote. Na usafi siongei sana, ila sisi watu wa kutoka ku Ebola na ku mpox, wenye kunawa mikono ku ndoo mbele ya kila mulango, ndiyo tunazungusha tuyo moja meza nzima?

Mwingine anasema chicha ifungwe kabisa, kama ng'ambo ya mupaka wa Petite Barrière, kule Rwanda ni marufuku tangu Desemba 2017, Tanzania walikataza 2016. Mimi si serikali na sikuomba hiyo. Mutu mukubwa avute kama anataka. Nasema mbabula itoke inje, madirisha ifunguliwe hata kama mvua inanyesha, jenereta isogezwe mbali na dirisha, na huyo kijana apewe pampu ya kuanzishia chicha aache kuianzisha na mudomo wake. Kuko hata kidude cha batri cha kupiga kelele ile gazi ikizidi. Mulipata pesa ya taa za rangi rangi na rido, hiyo mutapata.

Patroni, fakitire ya kituo cha afya iko ku WhatsApp yako, umeshaiona, alama za buluu ziko. Nangoja.

Na wengine wenye walishaangukia ku lounge yoyote, Himbi, Katindo, Birere, popote, andikeni hapa chini: dirisha lilikuwa wazi ao limefungwa, na mbabula ilikuwa wapi.