Nimekosa kulipa kredit kadi miezi miwili, nifanyeje?

Habari wandugu, niko huku Marekani mwaka wa tatu sasa, kazini wamenikatia masaa nikashindwa kulipa kadi miezi miwili, minimamu yenyewe (kiasi cha chini cha kulipa kila mwezi) dola 35 tu lakini kodi ya nyumba ikameza kila kitu, leo nimecheki kredit skoo (alama zinazoonyesha unavyolipa madeni) imeshuka toka 712 mpaka 604 nimeishiwa nguvu kabisa. Nikilipa sasa hiyo rekodi ya kuchelewa inafutika?

Jibu: Pole sana ndugu. Haifutiki, inakaa miaka 7 kwenye ripoti yako ya madeni ila makali yanapungua kadiri muda unavyoenda. Lipa malimbikizo leo leo kabla hujagonga siku 90, maana 30, 60, 90 kila moja inaandikwa kivyake, na ikifika siku 180 benki kwa kawaida wanalihesabu deni bovu, hapo unaanza kusumbuliwa na wakusanya madeni.

Jibu: Wapigie, usijifiche! Mimi niliwaeleza hali yangu wakanifutia faini moja wakanipangia malipo madogo madogo. Na siku nyingine ukichelewa chini ya siku 30 unakula faini tu, hawapeleki ripoti.

Muulizaji: Asanteni jamani, nimelipa zote mbili sasa hivi, kesho asubuhi nawapigia.