Buffalo: theluji ya Alhamisi, nitajuaje kama inakuja kwangu?

Assalamu alaikum wazee na ndugu zangu,

Mimi ni yule binti wa Langoni, Amu (Lamu), niliyekuja mwezi wa nane kusomea unesi Buffalo, mji wa Marekani ulio kando ya Ziwa Erie. Simu yangu inasema Alhamisi theluji inchi 2 mpaka 20. Sasa mbili mpaka ishirini ndo nini? Nina zamu saa moja asubuhi, nakaa kusini ya mji upande wa Hamburg (kitongoji cha huku huku, si ile ya Ujerumani) na naendesha gari mwenyewe. Wenyeji nikiwauliza wananambia tu angalia ziwa. Niangalie nini ziwani? Anayejua anieleweshe pole pole tafadhali.

---

Waalaikum salaam mwanangu,

Huku Amu tumeshaswali alasiri, niko barazani Mkomani, kwenu ndo kwanza kunakucha, nakujibu sasa hivi manake jambo hili nimeishi nalo huko Buffalo miaka 14 na lishawahi kunifungia ndani siku tatu.

Hiyo 2 mpaka 20 usidhani mtabiri anabahatisha. Inategemea upepo utakaa wapi, na wewe mtoto wa Amu mambo ya upepo umeyakuta nyumbani. Nahodha haulizi leo kuna upepo, anauliza unatoka wapi na utageuka saa ngapi, basi na wewe Alhamisi uliza hilo hilo.

Kinachokuja ni ukingo wa baridi, yani hewa nzito ya Kanada inajipenyeza chini ya hewa ya uvuguvugu na kuisukuma juu. Kabla haujafika upepo unakuwa wa kusini magharibi, kuna joto joto, pengine mvua, na presha ya hewa inashuka. Ukishapita presha inapanda, baridi inaingia ghafla na upepo unaanza kugeuka kuwa wa magharibi. Pale pale unapopita inaweza kumwagika theluji ya nusu saa hata huoni bonti ya gari lako, halafu kimya, na jua linatoka. Wageni wengi hapo ndo wanachukua funguo wanatoka wakidhani imekwisha, kumbe ile ilikuwa ya ukingo tu, ya ziwa bado.

Maji ya Erie mwezi wa 11 bado yana joto la kiangazi. Hewa baridi ikipita juu yake inachukua joto na unyevu, inapanda, inakuwa mawingu, ikifika nchi kavu inamwaga. Hesabu niliyokuwa nikifanya ni hii: chukua joto la maji, toa joto la hewa iliyo juu kama mita 1500, tofauti ikifika 13 za Selsiasi au zaidi ujue ziwa litafanya kazi. Mfano maji ni 9 na hewa ya juu ni 8 chini ya sifuri, hapo una 17, tayarisha chepe. Namba hizo utazipata kwenye maelezo marefu wanayoandika watabiri wa National Weather Service (idara ya hali ya hewa ya Marekani) wa Buffalo, yasome hayo, achana na kile kipicha cha wingu kwenye simu.

Lakini hesabu itakwambia itashuka, haitakwambia itamshukia nani. Ziwa lile limelala kwa urefu, kama kilomita 388, na Buffalo iko kwenye ncha yake ya mashariki. Upepo ukifuata urefu wa ziwa, tuseme unatoka nyuzi 240 mpaka 250 za dira, yani kusini magharibi, hewa inakula maji njia nzima na mawingu yanajikusanya mkanda mmoja mwembamba unaoupiga mji wenyewe au kaskazini yake kidogo. Ukizunguka ukawa wa magharibi hasa, mkanda unateremka kusini, yani kwenu Hamburg na Orchard Park, na Novemba 2022 huko kwenu zilishuka karibu inchi 80. Ukiwa wa kaskazini magharibi unalikata ziwa kwa upana, mkanda unavunjika vipande vipande na kila mtu anapata kidogo. Na upepo wa chini ukiwa haupatani na wa juu, mkanda haushikani.

Novemba 2014 nilikuwa nakaa mashariki ya mji. Asubuhi navuta mlango naona theluji imesimama wima kama ukuta, na alama ya kitasa imejichora ndani yake kama muhuri. Sehemu zile zilipita futi 5. Rafiki yangu kaskazini ya mji alikuwa na inchi chache tu, ananambia kwa simu yuko juani anauona ule ukuta mweupe kwa macho yake. Kutoka penye jua mpaka ndani ya mkanda ni mwendo wa Amu mpaka Shela.

Kwa hiyo leo usiku tafuta nyakati mbili tu: ukingo unapita saa ngapi, na upepo unakuwa wa magharibi saa ngapi. Ukigeuka usiku wa manane mkanda utakukuta kitandani, piga simu mapema uombe zamu nyingine. Ukigeuka adhuhuri, kwenda utaenda, je kurudi?

Na bomba la moshi la hita linalotokea ukutani, lifukulie theluji kila baada ya masaa machache, hata saa nane usiku. Likiziba ile gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, inarudi ndani, haina harufu. Hili nakusihi.

---

Naongezea niliyeko Minneapolis: huku hatuna ziwa la hivo karibu, ukingo ukipita tunapata theluji kavu nyepesi na baridi ya kukata masikio. Walioko Minneapolis msichukue hesabu ya ami, hiyo ni ya watu wa kando ya Maziwa Makuu ya Marekani. Na ukikwama ndani ya gari fukua ekzosi kwanza kabla hujawasha injini.

---

Ami shikamoo,

Nilisoma yale maelezo, wakasema upepo utakuwa wa magharibi kabla ya alfajiri, nikaomba zamu nikapewa ya Jumamosi. Saa tatu usiku ukingo ukapita, theluji ya dakika ishirini, halafu nyota zikaonekana, mwenzangu wa chumba akanambia nimejinyima zamu bure. Saa kumi na moja naamka kuswali taa ya barabarani haionekani. Mpaka sasa nimepima kwa rula inchi 26 na bado inashuka. Bomba nimelifukua mara nne, chepe ya plastiki imepasuka. Ninunue ya chuma?

---

Marahaba mwanangu, alhamdulillahi. Chukua ya alumini, ni nyepesi, na uipake nta ya mshumaa theluji isigande. Fukua kidogo kidogo usiingoje ijae. Mamako nimempitia Langoni nimemwambia uko ndani.