Msaada wa haraka: R36S au RG35XX H, ipi ina prosesa yenye nguvu? Nalipia Ijumaa

Kitufe_X:
Wakuu habari za jioni. Nataka kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu za zamani kwa emuleta (programu inayoiga mashine nyingine ya gemu). Nimebaki na viwili: R36S yenye prosesa ya RK3326, na RG35XX H yenye Allwinner H700. Vyote vina kori nne (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), vyote vinafika 1.5 GHz, ramu ni GB 1 kila kimoja. R36S ni nafuu zaidi. Kwa nguvu ya prosesa peke yake, mngechukua ipi? Naogopa kutupa hela, na Ijumaa si mbali.

FundiMpini:
GHz zinafanana, kori hazifanani. RK3326 ina kori za Cortex-A35, H700 ina Cortex-A53. Zote mbili hutekeleza maagizo kwa foleni, lililotangulia likikwama na yaliyo nyuma yanasubiri. Lakini A35 iliundwa kubana umeme kwanza, kwa hiyo katika kila mzunguko A53 inamaliza kazi nyingi zaidi. Chipu ya picha ni ileile, Mali-G31 MP2. Kwa gemu za mashine kama NES, SNES, GBA na PS1 (PlayStation ya kwanza) hutaona tofauti yoyote. Utaiona kwenye mashine nzito zaidi: N64, Dreamcast na PSP (PlayStation ya mkononi). Taja gemu unazotaka nikujibu sawasawa.

Bi_Shamim:
Achana na zote mbili, chukua Miyoo Mini Plus. Ina kori mbili tu za Cortex-A7 na ramu MB 128, ila ukiiwekea mfumo wa OnionOS inawaka haraka, ukizima inahifadhi ulipofikia, na kioo cha inchi 3.5 chenye 640×480 kinaipendeza GBA kuliko vifaa vingi vya bei juu. Gemu nzuri hazihitaji prosesa kubwa.

Mzee_wa_Kasha:
Mdogo wangu, kabla ya prosesa jiulize ada na kodi ya nyumba zimelipwa? Pia hizo kadi zinazouzwa zimejazwa gemu elfu kadhaa ni mali ya watu. Ukiwa na diski zako, nakili za kwako.

Kitufe_X:
Ada hainihusu mzee wangu, ila nimekusikia. Gemu ni za zamani tu za kawaida.

FundiMpini:
"Za zamani" haitoshi. Prosesa ya SNES haivuki 3.58 MHz. PS1 ni 33.87 MHz. N64 ni 93.75. Dreamcast ni 200. Zote ni za zamani, na kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna mlima. Taja majina mawili.

Kitufe_X:
Sawa. God of War II na Shadow of the Colossus.
Na kabla hamjaniangukia: nimeshafanya hesabu. Prosesa ya PS2 (PlayStation 2) ni 294 MHz. R36S ni 1500 MHz, mara tano, tena kori nne. Muuzaji amenionyesha video God of War ikicheza kwenye R36S. Na nimeshamlipa nusu, iliyobaki ndiyo ya Ijumaa.

Bi_Shamim:
Kumbe ni PS2! Hilo ndilo lilikuwa swali, kaka.

FundiMpini:
Hesabu yako imehesabu chipu moja tu ya PS2. Ile 294 MHz ni ya Emotion Engine, prosesa kuu. Ndani yake kuna vitengo viwili vya hesabu za vekta, VU0 na VU1, vinavyofanya kazi sambamba. Pembeni kuna prosesa ya PS1 inayoshughulikia diski, pedi na mambo mengine ya pembeni. Halafu kuna chipu ya picha yenye memori yake ya ndani, MB 4 tu, lakini inapitisha GB 48 kwa sekunde. Emuleta lazima iige hivyo vyote kwa programu, na vyote viende kwa mapigo yaleyale.

Pili, prosesa ya PS2 inaongea lugha ya MIPS na ya kifaa chako inaongea ARM. Agizo moja la PS2 likitafsiriwa linazaa maagizo kadhaa ya ARM. Ukicheza fremu 60 kwa sekunde una milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Kazi ikichukua 40, gemu linakwenda chini ya nusu ya mwendo na sauti inakatikakatika.

Tatu, kori hazijumlishwi. Emuleta ya PS2 ina kazi kubwa tatu: Emotion Engine, picha, na VU1. Ile nzito kuliko zote ndiyo inayoamua mwendo, na inakaa kwenye kori moja. Kwa hiyo angalia nguvu ya kori moja, usizidishe kwa nne. Watengenezaji wa AetherSX2, emuleta ya PS2 ya simu, walishauri kuanzia prosesa ya Snapdragon 845, yaani kori nne kubwa za daraja la Cortex-A75. A75 haisubiri foleni, agizo likikwama inaruka kushika linalofuata. Na Shadow of the Colossus ni kati ya gemu zinazobana hata prosesa kubwa.

Jicho_Kavu:
Hii ni chai. ArkOS, mfumo unaokuja na R36S, haina emuleta ya PS2 kabisa, sasa hiyo video ilichezwa na nini? Muuzaji asiye na jina, video ambayo hatuioni, nusu imelipwa, Ijumaa. Huyu ama anatunga, ama ni muuzaji anayeutangazia mzigo wake jina. Kesho atatokea mwingine kusema "mimi ninazo, njooni inbox".

Mzee_wa_Kasha:
Nami nilishangaa. Mtu anayejua RK3326 hawezi kutojua PS2.

Kitufe_X:
RK3326 nimeisoma kwenye boksi! Sitangazi kitu, ningetangaza ningeweka namba. Video sina, alinionyesha kwenye simu yake. Ninachokumbuka ni mistari myeusi juu na chini ya picha, na gemu lilikuwa linaruka fremu kidogo. Nilijua ni kawaida.

FundiMpini:
Jicho_Kavu, subiri. Hiyo mistari ina maana. Kioo cha R36S ni 640×480, umbo la 4 kwa 3, na God of War II kwa kawaida ingekijaza. Kioo cha PSP ni 480×272. Ukiinyoosha ifike upana wa 640, kimo kinakuwa kama 363, na kinachobaki ni mistari myeusi. Kitufe_X, mwanzo wa gemu ulikuwa ile sanamu kubwa ya Rhodes inayotembea, au Waajemi wanavamia mji wakiwa na mnyama kama mjusi mkubwa?

Kitufe_X:
Mjusi. Waajemi na mjusi.

FundiMpini:
Basi ni Chains of Olympus, ya PSP, 2008. Jina lile, mashine nyingine. Na yenyewe ni nzito: PSP ilikuwa ikiendeshwa kwa 222 MHz, gemu hili likatumia 333 kamili. Ndiyo maana uliona fremu zinarukwa.

Jicho_Kavu:
Hilo la mjusi nimelikubali. Ila video ya PSP kwa mteja wa PS2 ni udanganyifu, na ungesema PS2 tangu posti ya kwanza nisingekushuku.

Kitufe_X:
Muuzaji alisema "God of War", hakusema ya ngapi. Labda hakudanganya. Nusu ya hela hairudi, alisema mapema. Nafikiri nichukue tu R36S kwa PS1 na DS, PS2 nitaitafutia baadaye. Si ni sawa?

Bi_Shamim:
Mwombe nusu hiyo ihamie RG35XX H, uongeze tofauti. Wauzaji wengi wanakubali kubadilisha mzigo hata kama hawarudishi hela.

Dereva_wa_Mali:
Kwa PS2 kwa hela ndogo, tafuta simu iliyotumika. Pixel 3 ina Snapdragon 845 na ramu GB 4. Galaxy S9 angalia kwa makini: ya Marekani ina 845, zinazouzwa sehemu nyingi nyingine zina Exynos, na madereva ya picha ya Adreno (chipu ya picha ya 845) yanaelewana na emuleta kuliko ya Mali (ya Exynos). Nunua na pedi ya kubana simu. Weka NetherSX2 (AetherSX2 iliyorekebishwa), na kwenye mipangilio yake picha 1x (ukubwa wa asili), EE Cycle Rate 75%, washa Multi-Threaded VU1, jaribu Vulkan kisha OpenGL, njia mbili za kuchora picha. Simu ikipata moto itapunguza kasi yenyewe, toa kava. Ukitaka kifaa kamili, Retroid Pocket 4 Pro yenye Dimensity 1100 ilitoka kwa dola 199. Usidanganyike na vifaa vyenye prosesa ya T618, hiyo ni ya gemu nyepesi za PS2 tu.

FundiMpini:
Naunga mkono simu. Ukiishia na R36S, Ijumaa kabla ya kutoa hela iliyobaki fanya haya palepale. Washa Chains of Olympus kwenye PPSSPP (emuleta ya PSP), weka 1x na frameskip 1 (kuruka fremu), ucheze hadi kwenye mjusi. Kisha toa kadi uifungue kwenye kompyuta, sehemu ya BOOT. Ukikuta faili inayoanza na rk3326-r35s na kuishia .dtb (faili inayoueleza mfumo vifaa vilivyomo, kama kioo), hiyo ndiyo kawaida. Ukikuta majina kama rf3536k3ka.dtb, kifaa ni cha kuigiza, si R36S halisi, na ArkOS ya kawaida inaweza kukupa kioo cheusi. Vyovyote vile, nakili faili zote za .dtb pembeni kabla hujafuta chochote, kwa sababu vioo vya R36S viko vya aina kadhaa na kila kimoja kina faili yake.

Kadi inayokuja nayo usiiamini, hufa mapema. Nunua ya GB 64 ya kampuni inayojulikana, ipime kwa H2testw (programu ya kukagua kadi) kwanza, ndipo uandike ArkOS. Gemu za PS1 zigeuze ziwe CHD (faili za diski zilizobanwa) kwa programu ya chdman, amri ni createcd, zinapungua ukubwa. WiFi ya ndani haina, usije ukadhani imeharibika. Na chaji tumia waya wa USB-A kwenda C kwenye kichwa cha 5V. Wa C kwa C kwenye nyingi hauchaji.

Kitufe_X:
Kuhamisha nusu kwenda RG35XX H nitamuuliza kesho asubuhi. Akikataa, napima na mjusi.