Naomba ushauri: wanafunzi wasaidizi wamegeuka watumishi

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata, mkoani Dodoma. Tuna wanafunzi sita wenye ulemavu: viziwi wawili, watatu wenye uoni hafifu (wawili kati yao wana ualbino) na mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Mwaka jana nilianzisha utaratibu wa kila mmoja kuwa na rafiki wa kumsaidia.

Mwanzo ulikuwa mzuri, sasa mambo yanaenda kombo. Huyu wa kiti anasukumwa hata asipotaka. Juzi akaniambia, "Mwalimu, hata chooni wananipeleka kwa ratiba yao." Nilikosa la kusema. Halafu kuna binti, rafiki wa mmoja wa viziwi, ndiye pekee anayejua lugha ya alama kidogo, basi kageuka mkalimani wa shule nzima. Anatafsiri huku daftari lake halina kitu. Mzazi wake ameshakuja kulalamika, na ana haki.

Wenye uoni hafifu hawanipi shida sana. Wanakaa mbele na wenzao huwasomea ya ubaoni.

Mliowahi kuendesha jambo hili, mnawapokezanaje wasaidizi bila kuvunja urafiki uliokwishajengeka? Mnawafundishaje kuuliza kabla ya kushika kiti cha mtu? Nimefikiria darasa zima lijifunze alama za msingi, ila mwalimu wa alama hatuna, na bajeti ndiyo hivyo tena. Mlio na ulemavu mkasoma shule za kawaida, ninyi hasa ndio nawasubiri.