Maili za safari moja, akaunti mbili

Zuhura: Shikamooni wakubwa zangu. Tiketi imetoka! Addis Ababa hadi Frankfurt na Ethiopian, Frankfurt hadi Chicago na Lufthansa, kurudi njia ileile. Sasa naomba ushauri kuhusu maili, zile pointi za zawadi za kusafiri. Nizipeleke zote ShebaMiles, programu ya zawadi ya Ethiopian, au nizigawe?

Mjomba Athumani: Marahaba mwanangu. Weka zote mahali pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Idi: Shikamoo Mjomba. Kibaba kimoja ndiyo kinajaa, lakini Zuhura ana viwili na kimoja kinakaribia kujaa. Dada, ShebaMiles umebakiza ngapi?

Zuhura: Kama 3,000 nipate ile tiketi ya zawadi niliyomwahidi Mama. Na nina akaunti ya MileagePlus, programu ya shirika la ndege la United la Marekani, tangu enzi za masomo, nayo ina maili zake.

Mama: Hiyo tiketi mimi sijaisahau 😊

Idi: Hatujaisahau sote Mama.
Zuhura sikiliza. Maili hazihesabiwi kwa safari, zinahesabiwa kwa kila kipande. Kila unapopanda ndege ni kipande kimoja, na kipande kimoja kinaingia programu moja tu. Lakini vipande vinne vya tiketi moja si lazima viende pamoja. Ethiopian, Lufthansa na United wote wako Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, kwa hiyo kipande cha Lufthansa unaweza kukiingiza ShebaMiles, au MileagePlus, au Miles & More ya Lufthansa wenyewe.

Zuhura: Hata kama tiketi ni moja na nambari ya uanachama niliyojaza wakati wa kununua ni moja?

Idi: Hata kama. Ile nambari inabadilishwa.

Shangazi Mwajuma: Zuhura mwanangu, kabla hujabadilisha chochote tazama HERUFI. Mimi haya yamenikuta na yaliniuma sana. Nilisafiri na shirika moja, mwendo wa kama maili 4,300. Nambari nikaweka ileile niliyoizoea, sikuangalia kitu. Baada ya wiki mbili naingia kwenye akaunti nakuta maili 1,075. Nikadhani wamekosea. Nikawaandikia. Wakanijibu kwamba herufi ya tiketi yangu kwao inapewa robo tu ya umbali. Programu nyingine ndani ya muungano uleule ilikuwa inatoa umbali mzima kwa herufi hiyohiyo! Nikaomba wanihamishie. Haiwezekani, maili zikishaingia zimeingia.

Zuhura: Pole Shangazi. Robo kwa ndege ileile na kiti kilekile?

Shangazi Mwajuma: Kilekile. Kila programu ina jedwali lake kwa kila shirika mwenza. Usilinganishe majina ya programu, linganisha majedwali.

Mjomba Athumani: Herufi gani hiyo? Mimi kwenye tiketi naona economy tu.

Shangazi Mwajuma: Kaka, daraja la kawaida lenyewe lina herufi nyingi. Y kwa kawaida ni ile ya bei kamili, halafu kuna nyingine kama K, L, T za bei nafuu. Kwenye risiti ya tiketi ipo karibu na nambari ya ndege. Na herufi inaweza kutofautiana kutoka kipande hadi kipande, usisome ya kwanza ukaishia hapo.

Zuhura: Nimefungua risiti. Mbili za Ethiopian zina herufi moja, mbili za Lufthansa zina nyingine kabisa! Sikuwahi kuiona.

Idi: Safi. Nambari ya tiketi inaanza na ngapi? Zile tarakimu 13.

Zuhura: 071

Idi: Hiyo ni Ethiopian. Ya Lufthansa ingeanza na 220, ya United 016. Maana yake tiketi yako haikutolewa na United, kwa hiyo MileagePlus watakuhesabia vipande vya Lufthansa kwa umbali na herufi, si kwa bei uliyolipa. Addis hadi Frankfurt ni kama maili 3,300 kwenda tu. Hata ShebaMiles wakikupa nusu tu ya umbali, kwenda na kurudi inatimia 3,300. Zile 3,000 za Mama zimepatikana bila kugusa Lufthansa.

Mama: Alhamdulillah

Mjomba Athumani: Bado naona kutawanya ni hatari. Maili zinakaa huko mpaka zinakufa.

Idi: Hapo una haki Mjomba, ndiyo maana asifungue akaunti ya tatu kwa ajili ya vipande viwili. Miles & More namshauri aiache. Lakini MileagePlus anayo tayari, na United walifuta ukomo wa muda wa maili mwaka 2019. Zitakaa zikimsubiri.
Halafu muungano nao si ndoa. SAS, shirika la ndege la Skandinavia, walikuwa miongoni mwa waanzilishi watano wa Star Alliance mwaka 1997, na Septemba 2024 wakahamia muungano mwingine, SkyTeam.

Zuhura: Nimelinganisha majedwali sasa hivi. Kwa herufi yangu ya Lufthansa, MileagePlus inanipa zaidi. Naamua hivi: Ethiopian iende ShebaMiles, Lufthansa iende MileagePlus. Nabadilishaje?

Shangazi Mwajuma: Usibadilishe kwenye simu. Mara nyingine ukigusa kipande kimoja vinabadilika vyote. Mwambie mtu wa kaunta, au wa geti pale Frankfurt, akufutie nambari kwenye kipande cha Lufthansa tu na aweke nyingine. Kisha mwombe pasi mpya ya kupandia. Soma chini ya jina lako. Ukiona bado ni ileile ya zamani, usiondoke hapo.

Idi: Na kama nambari ya ShebaMiles ndiyo inayokupa begi la ziada au launji, iache mpaka begi lifungwe lebo. Geti ndipo ubadilishe.

Zuhura: Mimi ni mwanachama wa kawaida tu, hilo halinihusu. Na geti wakiwa na haraka?

Shangazi Mwajuma: Waombe waifute tu, kipande kibaki kitupu. Ukifika utadai mwenyewe kwenye tovuti ya MileagePlus kwa nambari ya tiketi. Ila usiitupe pasi ya kupandia! Ipige picha pande zote na uitunze mpaka maili zionekane.

Mama: Na jina liandikwe kama la pasipoti.

Idi: Kweli Mama. Aliyesafiri ndiye anayepata, na jina lisipolingana hazipandi.

(siku tatu baadaye)

Zuhura: Shikamooni, niko geti Frankfurt. Dada wa hapa mwanzoni alisema mfumo umekataa. Nikamwomba afute kwanza ile ya zamani halafu ndipo aweke mpya, ikakubali. Amenipa pasi mpya, chini ya jina imeandikwa UA, yaani United, na nambari yangu.

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Picha?

Zuhura: [picha]

Shangazi Mwajuma: Naiona. Panda mwanangu, safari njema. Ya Addis umeitunza?

Zuhura: Ipo ndani ya pasipoti, Shangazi.