Mjadala: Mgonjwa anayepigwa picha ya mchango ana nafasi gani ya kukataa?

Ndugu zangu, kila mwenye simu ameshapokea picha ya aina hii: mtoto ana uvimbe mkubwa usoni, au mama aliyekonda amelala wodini, shuka limeishia kiunoni, na chini yake kuna namba ya kutuma mchango na maneno "sambaza tafadhali, usipuuzie". Wengi tunasambaza kwa huruma ya kweli. Nataka tubishane kwa uzito: ni haki kuonyesha hadharani sura ya mtu aliye katika hali hiyo, iwe kwa mchango, kwa elimu au kwa sanaa?

Msimamo wangu nautoa mapema. Kusema "alikubali mwenyewe" hakutoshi. Mtu ambaye matibabu yake yanategemea picha hiyo hajaombwa ridhaa, amewekewa sharti.

Wanaopinga wana hoja nzito. Wanasema bila sura hakuna mchango, matapeli wamejaa, na mtu anataka kuona kwa macho yake kabla hajatuma elfu tano. Sawa. Lakini hebu tuulize picha inathibitisha nini hasa. Tapeli anaichukua ileile, anabadilisha namba ya simu, nayo inaendelea kuzunguka hata baada ya mtoto kupona au kufariki. Kinachothibitisha ni barua ya hospitali, ofisa ustawi wa jamii anayeweza kupigiwa simu, na zaidi ya yote malipo yanayoingia moja kwa moja kwenye bili. Hospitali za umma Tanzania hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo. Fedha ikilipwa kwa namba hiyo haipiti mfukoni mwa mtu. Hapo uso wa mgonjwa haudaiwi na yeyote.

Wapo pia wanaotetea upande wa sanaa. Wanasema ugonjwa, ulemavu na kifo visipoonekana, jamii itaendelea kuwafungia watu hawa chumba cha ndani. Kwa hili nipo pamoja nao kabisa. Mwaka 1982 mpigapicha Mwingereza Jo Spence, akikabiliwa na upasuaji wa saratani, aliandika kwenye titi lake maneno ya kuuliza kama ni mali ya Jo Spence, kisha akapigwa picha hivyo hivyo. Mwaka 1993 msanii Matuschka alijipiga picha akiwa amevaa gauni jeupe lililoacha wazi kovu la upande ulioondolewa titi, na picha ikatoka kwenye jalada la jarida la New York Times. Wapo wasomaji waliokasirika na wapo walioshukuru. Kuzitazama kunauma, na sina neno nazo hata moja, kwa sababu mwenye mwili ndiye aliyeamua nini kionekane na kwa nini.

Sasa mchukueni mpigapicha wa Marekani Diane Arbus. Mwaka 1970, huko Bronx, New York, alimpiga picha mtu mrefu kupita kiasi akiwa sebuleni kwao, ameinama chini ya dari, wazazi wake wakiinua macho kumtazama. Picha hiyo inajulikana dunia nzima, na maelezo yake yanamtaja kama jitu la Kiyahudi nyumbani na wazazi wake. Mtu huyo aliitwa Eddie Carmel, na alifariki miaka miwili baadaye. Siwezi kudai kwamba alilazimishwa. Alifahamiana na Arbus kwa miaka, na aliwahi kufanya kazi ya maonyesho. Lakini mpigapicha amebaki na jina, yeye amebakiziwa kimo.

Na hata jina la anayepigwa likitajwa, naye akiridhia, kazi haijaisha. Mwaka 1988 jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA, New York, lilionyesha picha za mpigapicha Nicholas Nixon za watu wenye UKIMWI, aliowapiga kwa ridhaa yao, tena na tena, mwili ukiisha picha baada ya picha. Wanaharakati wa ACT UP, kundi la kupigania haki za watu wenye UKIMWI, wakaja kupinga wakisema: acheni kututazama, anzeni kutusikiliza. Walitaka waonekane pia wakiwa na hasira, wakipendwa, wakipambana. Sisi tulioona mabango ya UKIMWI yenye mafuvu na watu waliobaki mifupa tunapaswa kuwaelewa haraka, maana yalitufundisha kumtambua mwathirika kwa kukonda, wakati mwenye virusi anaweza kuwa na afya kukushinda wewe.

Linalonikera kuliko yote ni la watoto wenye ualbino. Baada ya mauaji kutangazwa duniani kuanzia miaka ya 2007 na 2008, watoto wengi walipelekwa kwenye vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili wawe salama. Kamera nazo zikafuata. Mtoto aliyefichwa akionyeshwa kwenye picha pamoja na jina lake na kituo anacholala, anayemwinda ameelekezwa njia. Hata kama lengo lilikuwa kuamsha dunia, mtoto hakuwa na uwezo wa kupima hatari hiyo, na mlezi wake alikuwa akitegemea wageni haohao kwa chakula na mafuta ya kujikinga na jua. Tofautisheni na Rick Guidotti, aliyekuwa mpigapicha wa mitindo, ambaye picha zake za watu wenye ualbino zilitoka katika jarida la Life mwaka 1998. Aliudhiwa na vitabu vya udaktari vinavyowasimamisha watu ukutani na kuwaziba macho kwa mstari mweusi, akawapiga kama alivyowapiga wanamitindo. Au Nairobi mwaka 2016, vijana wenye ualbino walipopanda jukwaani kushindania taji la urembo na utanashati. Waliingia wenyewe, wakijua watatazamwa.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya zimo katika taarifa nyeti. Kenya, mwaka 2023, shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ila mgonjwa wa wodini hatakwenda kumshtaki shemeji yake aliyefungua kundi la michango.

Penye ugumu kwangu ni marehemu, maana yeye hawezi kuulizwa. Familia nyingi za Kikristo hupiga picha wakati wa kutoa heshima za mwisho, jeneza likiwa wazi, na jioni ileile picha ziko kwenye makundi ya WhatsApp. Familia nyingine hazitaki hata kamera iingie makaburini. Mimi nasema picha ya uso wa maiti ibaki kwa ndugu, isisambazwe hata kama mjane ameruhusu, kwa sababu siku ya msiba hakuna anayeamua kwa utulivu. Najua wapo watakaosema namnyang'anya mjane haki yake. Wauguzi, wapigapicha wa misiba, na ninyi mliowahi kuona sura zenu zikizunguka mkiwa wodini, leteni hoja. Na mnaotetea picha za michango, nijibuni hili kwanza: mgonjwa wenu angesema hapana, mngeendelea kumchangia?