Viporo vya gemu: tuanze na fupi, na za zamani, au na ile moyo unayoitaka?

ManeteBluu (Kamalondo)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, salamu. Kabati langu limejaa gemu za mashine za PlayStation (PS2, PS3 na PS4) ambazo sijazigusa au nimeziacha katikati. Nyingine zingali kwenye nailoni yake. Nyingi nilizipata kwa wanaoleta mizigo kupitia Kasumbalesa mpakani na Zambia, na chache niliachiwa na kaka mmoja alipohama mji. Mwaka huu nataka nizicheze kweli, na nimesikia watu wakisifu njia tatu. Naomba tuzipime pamoja.

Ya kwanza ni kuanza na fupi. Portal ya 2007 inaisha kwa saa tatu au nne, na Journey ya 2012 ni jioni moja tu, kama saa mbili. Ukienda hivyo, rundo linapungua huku unaliona. Ninachokiogopa ni kwamba gemu kama Persona 5, inayokula karibu saa mia, itabaki chini ya rundo milele, na hizo ndefu ndizo nilizozitamani zaidi wakati nanunua.

Ya pili ni kufuata umri: PS2 kwanza, halafu PS3, halafu PS4. Hii inanivuta sana. Mtu akitoka Uncharted 4 ya 2016 akarudi kwenye ile ya kwanza ya 2007, bunduki na kupanda kuta vinamkalia vibaya mikononi. Akipanda kutoka chini, kila gemu inampa kitu ambacho iliyotangulia haikuwa nacho.

Ya tatu ni kucheza ile moyo unayoitaka siku hiyo, basi.

Mimi naelekea ya pili. Nyinyi mnafanyaje?

MwanaKasapa

Fupi kwanza, kaka, bila kusita. Mimi ni mwanafunzi, muda wangu unakatwakatwa na masomo. Nikimaliza Inside kati ya mtihani mmoja na mwingine, naingia kwenye inayofuata na hamu mpya. Ndefu zinasubiri likizo. Tena kuna tovuti ya HowLongToBeat, ambapo wachezaji wenyewe wanaandika saa walizotumia: hadithi kuu peke yake, au pamoja na kazi za pembeni. Angalia huko kabla ya kupanga, maana gemu mbili zenye kasha la unene uleule zinaweza kupishana kwa saa themanini.

Tantine_Ruashi

Wadogo zangu, mnapima urefu na umri kana kwamba umeme unatungoja. Mimi nacheza usiku watoto wakishalala, na delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, haibishi hodi. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachouliza kuhusu gemu yoyote ni: inaniruhusu wapi kuhifadhi pale nilipofika?

Chukueni San Andreas ya 2004, ambayo karibu kila nyumba ya mji huu imewahi kuwa nayo. Kwenye PS2 unahifadhi nyumbani kwako tu, ndani ya gemu. Ukifanya misheni tatu mfululizo bila kurudi nyumbani, umeme ukaenda, zote tatu umezipoteza. Resident Evil 4 unahifadhi kwenye mashine zake za kuchapa, na kati ya mashine moja na nyingine uko mikononi mwa Mungu. Final Fantasy X ya 2001 ndiyo iliyonifundisha zaidi. Pale Mlima Gagazet kuna duara la kuhifadhia, halafu unapanda hatua chache tu, linaanza onyesho refu la mazungumzo na adui Seymour ambalo huwezi kuliruka, kisha ndipo pambano linaanza, na pambano lenyewe ni kali. Ukishindwa, unaanza tena kwenye duara na kusikiliza maneno yote. Umeme ukikatika, ni hivyo hivyo. Gemu ile naipenda kwa moyo wote, lakini pale mahali sipagusi usiku wa wiki.

Sasa tazameni Shadow of the Colossus ya 2005. Majitu ni kumi na sita, na kila ukiangusha moja gemu inakuuliza kama unataka kuhifadhi. Unatoka, unatafuta njia kwa mwanga wa upanga, unapanda mgongoni kwa jitu huku nguvu za kushikilia zinakwisha, unaliangusha, unahifadhi, unalala. Usiku mmoja, jitu moja. Ni ya zamani, si ndefu sana, na imekatwa vipande vinavyoingia kwenye maisha yetu. Nayo Stardew Valley ya 2016 inahifadhi ukienda kulala, na siku yake nzima ni kama robo saa ya kwetu, kwa hiyo hasara yako haiwezi kuzidi hapo. Ndiyo gemu niliyoshikamana nayo kipindi chote cha mvua, mvua inapopiga na umeme unacheza.

Kwa hiyo ManeteBluu, usipange kwa umri. Panga kwa mahali pa kuhifadhi.

Fundi_Katuba

Tantine amesema kweli, naongeza upande wa mashine. Wengi wanailaza PS4 wakidhani gemu iko salama pale ilipo. Inalala kwa umeme! Ukikatika, ile gemu iliyosimamishwa imekwenda, na ukiwasha mashine itakuambia haikuzimwa vizuri, ianze kukagua diski yake. PSP na Switch, zile za kushika mkononi, zina betri zao, ukizilaza zinabaki pale pale. Kama una mojawapo, huko ndiko ucheze gemu za aina ile anayoiogopa Tantine.

Na kitu kinachonisikitisha kila wanaponiletea mashine hapa: alama ya kuhifadhi inapozunguka kwenye skrini, usiguse chochote. Kadi ya PS2 ni megabaiti 8 tu, lakini ndani yake pana miaka ya mtu. Umeme ukiondoka wakati inaandika, faili linaweza kuharibika. Mimi nawashauri wateja wahifadhi nafasi mbili kwa zamu, ya kwanza leo, ya pili kesho.

Umri nao una faida moja ambayo hamjaitaja. PS2 ile nyembamba inakula umeme kidogo sana ukilinganisha na PS4. Mwenye inverta na betri ya kawaida atacheza PS2 muda mrefu zaidi giza likiingia, mradi televisheni yake isiwe ile nzito ya zamani.

Yaya_Golf

Mimi niko na ManeteBluu, lakini umri ufuatwe ndani ya mfululizo mmoja, si kabati zima. Mass Effect, kwa mfano: maamuzi yako yanahama na faili lako. Aliyekufa kwenye ya pili ya 2010 hutamwona kwenye ya tatu ya 2012. Ukianzia ya tatu, umenyimwa nusu ya uzito wake. Metal Gear Solid 3 hadithi yake ni ya 1964, kwa hiyo kuna wanaosema ianze hiyo. Mimi nakataa: ilitoka 2004, inamtegemea mtu anayemjua tayari Snake, shujaa wa mfululizo. Fuateni miaka ya kutoka.

Halafu tusisahau mpira, uitwe FIFA au EA Sports FC kama tangu 2023. Mpira hauna mwisho, kwa hiyo hauwezi kuwa kiporo. Lakini ndio unaokula saa za viporo vyote, hasa vijana wa mtaani wakija na manete zao, yaani vidhibiti vya kuchezea. Mimi nimeutengea Jumapili mchana peke yake, na wote nyumbani wanajua.

ManeteBluu (Kamalondo)

Yaya, Tantine, Fundi, mdogo wangu wa Kasapa, asanteni sana. Nimekaa na kabati usiku huu nikiligawa upya kama Tantine alivyosema. Zenye kukatika vipande nimeziweka rafu ya juu, za usiku wa wiki: Stardew, Witcher 3 maana inaruhusu kuhifadhi karibu popote usipokuwa vitani, na Portal. Zile zenye njia ndefu kati ya hifadhi mbili, Persona 5 na Final Fantasy X, ziko rafu ya chini, za Jumamosi asubuhi ambapo kwetu umeme hutulia. Ndani ya kila rafu nafuata miaka. Kasoro moja: Shadow of the Colossus ninayo kasha tupu, diski haimo.

Tantine_Ruashi

Yangu ya PS2 iko mezani, haina mkwaruzo. Jumamosi nashuka mjini, tukutane Place de la Poste saa nne asubuhi. Uje na Final Fantasy X yako tubadilishane, yangu inakwama kwenye Blitzball, ule mpira wa majini ulio ndani yake.